Kipaji, Kasoro na Kipimo: Suala la Malezi ya Mwimbaji wa Taarab ya Unguja

Mhadhara huu unahusu swali ambalo kila mwalimu wa muziki hukabiliwa nalo, hata kama hajapata kulitamka. Mwanafunzi anapokuja akiwa na uwezo mkubwa upande mmoja na upungufu upande mwingine, saa chache za mafunzo zielekezwe wapi? Je, akuzwe katika lile analoliweza hadi awe hana mfano wake, au arekebishwe katika lile linalomshinda hadi awe hana ila? Swali hili linachunguzwa hapa kwa kumzingatia mwimbaji wa taarab ya Unguja. Taarab ni muziki unaobebwa na maneno, na kwa hiyo kasoro ya mwimbaji wake mara nyingi huwa ni ya muziki na ya lugha kwa wakati mmoja. Aidha, historia ya taarab imehifadhi habari za waimbaji ambao njia zao zinajulikana kiasi cha kuweza kulinganishwa.

Hoja inayotetewa ni kwamba swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa kwa kawaida, linachanganya mambo mawili. Kasoro si za aina moja. Iko kasoro inayokiziba kipaji njia, na iko kasoro inayokaa kando ya kipaji bila kukigusa. Kinachozitenganisha hizo mbili si maumbile ya mwimbaji peke yake, bali ni kikundi anachoimba nacho na kipimo ambacho kikundi hicho hukitumia. Kipimo kikibadilika, kasoro nazo hubadilika; na hapo ndipo penye hatari ambayo sehemu ya mwisho ya mhadhara itaishughulikia.

Maneno yenyewe

Ni vyema kuanza na msamiati, kwa sababu Kiswahili kina maneno ambayo tayari yamebeba nadharia fulani juu ya jambo hili. Maneno kipaji na kipawa yote mawili yanahusiana na kitenzi -pa. Kipawa kimetokana na umbo la kutendwa, -pawa: ni kile ambacho mtu amepawa. Kipaji kinakaribiana na mpaji, yaani mwenye kutoa. Kwa vyovyote vile, msemaji wa Kiswahili anapomsifu mwimbaji kuwa ana kipaji, anakiri kwamba asili ya kitu hicho iko nje ya mwimbaji. Mwenye kipaji hawezi kujisifia kukipata; anaweza tu kuulizwa amekitumiaje.

Ustadi na ufundi ni maneno ya ukoo mwingine. Ustadi una uhusiano na ustadhi, yaani mwalimu, na fundi yaonekana ni wa jamii moja na -funda, -fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Maneno haya humtaja mtu wa pili: hakuna ufundi pasi na aliyefundisha. Hivyo lugha yenyewe inatenga kati ya kile ambacho mtu huja nacho na kile anachokipokea kwa mikono ya watu, na haisemi kwamba kimoja ni mbadala wa kingine.

Neno lenye manufaa zaidi, hata hivyo, ni kasoro. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ufupi na upungufu, na matumizi yake ya kila siku ni katika kutaja saa: saa tatu kasoro robo. Matumizi hayo yanafundisha jambo. Haiwezekani kusema kasoro robo na kunyamaza. Msikilizaji atauliza kasoro robo ya saa ngapi. Kasoro ni umbali baina ya kilichopo na kipimo kilichokubaliwa. Ila na dosari hazifanani nayo, kwa sababu hizo hukaa katika kitu chenyewe kama doa katika nguo. Udhaifu nao, ambao ndio unaopendwa katika fomu za maofisini panapotakiwa mtu ajaze nguvu zake na udhaifu wake, humhukumu mtu mzima. Mwalimu wa muziki anayefikiri kwa neno udhaifu atamwona mwanafunzi dhaifu. Anayefikiri kwa neno kasoro atalazimika kujiuliza: kasoro ya nini?

Mafundisho mawili ya Magharibi

Katika maandishi ya Kizungu kuna mikondo miwili mikubwa juu ya suala hili, na kwa kuwa yote miwili imeingia katika vyuo vya Afrika Mashariki kupitia vitabu na semina, ni muhimu ieleweke ilikotoka.

Mkondo wa kwanza ulipata nguvu mwaka 1993, pale K. Anders Ericsson na wenzake wawili walipochapisha uchunguzi wao kuhusu wapigaji fidla 30 wa mjini Berlin. Vijana hao waligawanywa katika makundi matatu: bora kabisa, wazuri, na wale waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki. Ilionekana kwamba walio bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,410 kufikia umri wa miaka 18, ilhali wanafunzi wa ualimu walikuwa na saa 3,420. Mazoezi yaliyokusudiwa hayakuwa ya kurudia nyimbo ambazo mtu anazipenda. Yalikuwa mazoezi yenye shabaha, yanayoelekezwa mahali panapomshinda mpigaji, na kwa kawaida hayafurahishi. Fundisho lililotokana na uchunguzi huo ni kwamba ustadi hupatikana kwa kuiwinda kasoro. Uchunguzi huo uliporudiwa na Brooke Macnamara na Megha Maitra, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 2019, ilionekana kwamba mazoezi ya namna hiyo yalieleza takriban asilimia 26 tu ya tofauti za ustadi baina ya wapigaji. Hicho si kiasi kidogo, lakini kinaacha nafasi kubwa kwa mambo mengine.

Mkondo wa pili haukutoka katika muziki kabisa. Ulitoka katika masuala ya uendeshaji wa ofisi na viwanda nchini Marekani, na kitabu chake mashuhuri ni kile cha Marcus Buckingham na Donald Clifton kilichotoka mwaka 2001. Waandishi hao walishikilia kwamba mtu hukua zaidi pale alipo na nguvu tayari, na kwamba muda unaotumika kuziba udhaifu hauleti zaidi ya kumfanya mtu wa wastani.

Mikondo hii hugongana kwa sababu kila mmoja una mtu wake akilini. Mpigaji fidla wa Berlin hupimwa akiwa peke yake, mbele ya maandishi ya muziki ambayo hakuyatunga na hana ruhusa ya kuyaruka. Kila noti aliyoshindwa itasikika. Mfanyakazi wa ofisi, kwa upande mwingine, ana wenzake. Asichokiweza yeye atapewa jirani yake. Mwimbaji wa taarab hafanani moja kwa moja na yeyote kati ya hao wawili, na kumhukumu kwa fundisho moja pekee ni kumwonea.

Mgawanyo wa kazi katika kikundi

Wimbo wa taarab ni kazi ya watu wengi. Yuko mshairi anayeandika maneno, mara nyingi beti za mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani nane nane. Yuko mtunzi wa mahadhi, ambaye huyatia maneno hayo sauti. Wako wapigaji wa udi, kanuni, fidla, nai, akodiani, dumbak na rika, na wako waitikiaji. Kisha yuko mwimbaji, ambaye katika mila ya vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club iliyoanzishwa mwaka 1958, si lazima awe ametunga chochote kati ya hivyo.

Mgawanyo huu unatoa msamaha mkubwa. Mwimbaji asiyeweza kutunga shairi hana kasoro ya kutunga shairi, kwa sababu hapimwi kwa hilo. Asiyeweza kupiga udi hana kasoro ya udi. Hata ufinyu wa sauti yake hubebwa na wenzake: wapigaji hupandisha au hushusha wimbo hadi ukae mahali panapomfaa, na mtunzi mwenye busara huyapima mahadhi kwa koo la anayetungiwa. Fidla hujaza pale ambapo mwimbaji anavuta pumzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mwalimu wa Berlin angekiita kasoro ya mwanafunzi, katika taarab ni nafasi ya mtu mwingine kufanya kazi yake.

Lakini mgawanyo huohuo unakaza kwingine. Kwa sababu watu wote hao wamemwachia mwimbaji jambo moja, jambo hilo hana wa kumsaidia. Ni yeye peke yake anayeyafikisha maneno. Mshairi aliyekesha akichagua neno lenye maana mbili hawezi kusimama nyuma ya mwimbaji na kulirudia likiharibika. Na hadhira ya taarab, kama inavyojulikana, husikiliza maneno kwanza. Mwenye kuguswa huinuka akaenda kutunza, na asiyeyasikia maneno hana sababu ya kuinuka.

Siti binti Saad

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi kuliko mwingine ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, na akakulia katika kazi ya ufinyanzi. Alikuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti, na habari zinazosimuliwa juu yake zinakubaliana kwamba sauti hiyo ilijulikana kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1911 alihamia mjini.

Iwapo mtu angeorodhesha nguvu na udhaifu wa Siti katika mwaka huo kwa mtindo wa fomu za maofisini, upande wa pili ungejaa. Alikuwa mwanamke wa shamba katika mji uliopima watu kwa nasaba. Hakuwa amepitia skuli. Taarab iliyoheshimiwa wakati huo ilikuwa ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba ilikuja katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye alimtuma Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Uso wake haukuhesabiwa miongoni mwa nyuso nzuri na watu wa mjini hawakuacha kulisema hilo. Upande wa kwanza wa fomu kungekuwa na kitu kimoja: sauti.

Ni kasoro zipi alizozifanyia kazi, na ni zipi alizoziacha? Siti alipata mwalimu, Ali Muhsin, ambaye alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa. Alifunzwa uimbaji, akafunzwa kwenda na ala, na akajizoeza matamshi ya Kiarabu kiasi cha kuweza kuimba kwa lugha hiyo mbele ya watu walioijua. Baadaye aliimba pia kwa Kihindi. Haya yote yalikuwa ni mambo aliyokuwa hayawezi, na yalihitaji subira ya miaka. Lakini yote yanakutana mahali pamoja: yalikuwa katika njia ya sauti. Sauti kubwa isiyojua makamu hupotea inapokutana na udi. Sauti nzuri inayokosea herufi huchekesha. Kasoro hizi, zisiporekebishwa, zingekifanya kipaji chenyewe kisisikike.

Yale mengine hakuyagusa, au aliyajibu kwa njia nyingine. Hakujigeuza mtunzi wa kila kitu wala mpigaji ala wa kutegemewa. Alizungukwa na wanaume waliojua kazi hizo, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruku. Alipodhihakiwa kwa asili yake na sura yake, hakutafuta nasaba ya kuazima. Alijibu kwa wimbo, akiitukuza akili na kuidharau hoja ya uzuri. Kwa maneno mengine, pale ambapo kasoro ilikuwa nje ya njia ya sauti, alikataa kipimo chenyewe.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba moja ya kasoro zake za mwanzo ndiyo iliyogeuka kuwa mchango wake mkubwa. Hakuwa mtu wa Kiarabu. Kiswahili ndicho alichokuwa nacho, pamoja na habari za Ng'ambo: kesi za mahakamani, dhuluma, mapenzi na aibu za watu aliokuwa akiishi nao. Ingawa alijifunza Kiarabu cha kutosha kuondoa dhihaka, hakukifanya kuwa makazi yake. Siti ndiye anayetajwa zaidi ya wengine wote kuwa aliitoa taarab katika kumbi za wakubwa na kuiweka katika Kiswahili cha watu. Kama angetumia maisha yake kuziba pengo la Kiarabu hadi mwisho, huenda angekuwa mwimbaji mzuri wa Kiarabu, na waimbaji wazuri wa Kiarabu walikuwepo tayari.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Teknolojia hiyo ilitenda jambo ambalo halikukusudiwa na aliyeibuni. Upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika tatu, na katika dakika hizo hakukuwa na uso, wala nasaba, wala mavazi. Yale aliyoyaacha kando yalibaki pwani ya Unguja. Yale aliyoyarekebisha ndiyo yaliyoingia katika sahani. Wasikilizaji wa bara na pwani ambao hawakupata kumwona walimpima kwa sauti na matamshi peke yake. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake.

Kasoro ya wazi na kasoro ya siri

Mfano wa Siti unaonyesha mwelekeo, lakini haumpi mwalimu kipimo cha kila siku. Kipimo hicho kinaweza kuazimwa kutoka katika elimu ambayo imekuwepo pwani kwa karne nyingi na ambayo kila mtoto wa chuoni ameionja: tajwidi. Wataalamu wa kisomo cha Kurani hugawanya makosa ya msomaji katika mafungu mawili. Liko kosa la wazi, ambalo linabadili herufi au irabu na hivyo kulivunja neno, nalo hutambuliwa hata na msikilizaji wa kawaida. Na liko kosa la siri, ambalo ni upungufu katika kuipa herufi haki yake, nalo hutambuliwa na wenye elimu hiyo tu. La kwanza halivumiliwi; maalimu hulisahihisha papo hapo. La pili husahihishwa kwa miaka. Inafaa kutajwa pia kwamba neno la Kiarabu linalotumiwa hapo kwa maana ya kosa, lahn, katika muziki lina maana ya mahadhi. Wanaisimu wataona humo mada ya mhadhara mwingine.

Mgawanyo huu ukihamishiwa kwa mwimbaji wa Kiswahili, unazaa matunda. Mwimbaji anayechanganya l na r anaweza kuyageuza mahari kuwa mahali, au kumfanya bwana harusi anayesifiwa kwa fahari yake aonekane anasifiwa kwa fahali wake. Asiyetofautisha dh na z anaweza kumpeleka mdai kwenye kazi badala ya kadhi. Hizi ni kasoro za wazi, na sauti tamu haizifidii. Bali huzitangaza, kwa sababu kadiri watu wanavyomsikiliza ndivyo wanavyozidi kulisikia kosa. Kwa mwanafunzi wa namna hii, ushauri wa kushughulikia nguvu zake peke yake ni ushauri mbaya.

Pumzi nayo iko katika fungu hilo, ingawa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni suala la mwili tu. Kipande cha mizani nane kina kituo chake mwishoni, na hapo ndipo mshairi alipomruhusu mwimbaji avute pumzi. Mtunzi wa mahadhi anaweza kukirefusha kipande hicho sana kwa kuivuta irabu moja juu ya noti nyingi. Mwimbaji mwenye pumzi fupi hukatika katikati, na anapokatika ndani ya neno, neno hufa: simpendi inakuwa si, kisha kimya, kisha mpendi. Kina kilichotayarishwa mwishoni mwa kipande hakisikiki tena kuwa ni kina. Hapa pana njia mbili za kutibu, na zote mbili hutumika. Mwanafunzi anaweza kuzoezwa pumzi, kazi ya miezi. Au mtunzi anaweza kuombwa ayafupishe mahadhi, kazi ya jioni moja. Mwalimu anayejua tofauti ya njia hizo hatampotezea kijana mwaka mzima kwa jambo ambalo lingetatuliwa na mtu mwingine wa kikundi. Lakini kama kijana huyo ana kipaji cha nyimbo ndefu zenye mivuto, basi pumzi si jambo la kando, na mwaka huo utakuwa haukupotea.

Kasoro za siri ni nyingi zaidi na zinahitaji hukumu ya aina nyingine. Ukwaruzo wa koo, kuchelewa kidogo nyuma ya mapigo, mtetemo usiolingana: haya yote yanaweza kuwa upungufu, na yanaweza pia kuwa ndiyo alama ya mwimbaji. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude na ambaye alifariki mwezi Aprili 2013, hakuwa na sauti laini ya kumbi. Sauti yake ilikuwa na mchanga ndani yake. Ilikomazwa katika ngoma ya msondo na katika unyago, ambako alikuwa mfundaji wa wari, na ilibeba nyimbo za Siti kwa kizazi ambacho hakikuwahi kumsikia Siti. Alipopanda jukwaani pamoja na Culture Musical Club, fidla zilizonyooka zilimzunguka na yeye akabaki vilevile. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Mwalimu ambaye angemchukua katika ujana wake na kumlainisha koo angekuwa amerekebisha kitu kisichokuwa kasoro. Inapasa kusisitizwa, hata hivyo, kwamba maneno ya Bi Kidude yalisikika. Ukwaruzo ulikuwa katika sauti, haukuwa katika Kiswahili chake. Na wale wanaomtaja kama ushahidi kwamba msanii mkubwa hahitaji kurekebishwa husahau miaka aliyokaa akisikiliza.

Kipimo kinapoondoka

Hadi hapa imechukuliwa kwamba kipimo kipo na kinajulikana. Katika taarab dhana hiyo haina uhakika tena, na suala la sauti za makamu ndilo linaloonyesha sababu.

Makamu kama rasti na bayati zina sauti ambayo haimo katika vinanda vya Kizungu. Sauti ya tatu ya rasti hukaa baina ya zile mbili ambazo kinanda kinazo, karibu robo toni kutoka kila upande. Mpigaji fidla au udi huipata kwa kidole, kwa kuwa ala hizo hazina vituo. Mpigaji kanuni, mbele ya nyuzi zipatazo 78 zilizopangwa tatu tatu, huipata kwa vijiwiko vidogo vinavyorefusha au kufupisha uzi. Akodiani ya kawaida haiwezi. Kinanda cha umeme nacho hakiwezi, isipokuwa kile kilichotengenezwa na uwezo wa kubadili sauti zake, na mpigaji akajua kuutumia.

Taarab ya kisasa, ambayo ilishika kasi katika miaka ya 1990, ilikipa kinanda cha umeme nafasi ya kanuni, nai na fidla kwa pamoja. Sababu zake zinaeleweka kabisa: kinanda kimoja hubebwa na mtu mmoja, hakihitaji kuwekwa sawa kila jioni, na posho ya mpigaji mmoja ni ndogo kuliko ya wapigaji wanane. Si haki kuwalaumu wasanii kwa kupiga hesabu. Lakini mwimbaji aliyelelewa mbele ya kinanda hicho hana mahali pa kuisikia sauti ya tatu ya rasti. Hajui kwamba haijui. Kwa lugha ya saa, hakuna tena saa tatu ya kumwonyesha kuwa amekasoro robo. Na hapo neno robo linakuwa sahihi kwa maana zote mbili.

Hili ndilo ambalo fundisho la kukuza nguvu haliwezi kuliona. Fundisho hilo huchukulia kwamba kile ambacho mtu mmoja anakiacha kitafanywa na mwenzake, kama ilivyokuwa kwa Siti na watu wake. Kila mmoja wao aliweza kuacha jambo kwa sababu mwenzake alikuwa analijua. Kizazi kizima kinapokuza nguvu zilezile na kuacha jambo lilelile, hakuna mwenzake. Kasoro haitaonekana hata ikitafutwa, kwa maana aliyekuwa akiipima ameondoka, na mwanafunzi ataambiwa kwa haki kabisa kwamba sauti yake haina upungufu wowote. Hatari ya namna hiyohiyo iko katika matamshi: kikundi ambacho mshairi wake, mwimbaji wake na waitikiaji wake wote hawatofautishi dh na z hakitakuwa na wa kumsahihisha mwingine.

Kwa sababu hiyo, vyuo vya muziki vina wajibu usiolingana na ule wa kikundi. Kikundi kinaweza kumtumia mtu kwa nguvu zake na kumsamehe mengine, ndivyo kinavyoishi. Chuo ndicho chenye kutunza kipimo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha mjini Unguja mwaka 2002, kiliwaweka vijana mbele ya kanuni, udi na fidla pamoja na maandishi ya muziki, jambo ambalo katika vikundi lilitegemea bahati ya kuketi karibu na mzee mwenye subira. Si kila kijana aliyepitia mafunzo ya namna hiyo atapiga kanuni maishani mwake. Wengi watarudi kwenye vinanda, kwa kuwa ndiko kwenye harusi na ndiko kwenye malipo. Aliyekwisha kuisikia sauti hiyo, hata hivyo, anaweza kuchagua kuiacha, na uchaguzi huo ni kitu tofauti na kutoijua.

Kwa mwalimu mwenye saa mbili kwa juma na mwanafunzi mwenye sauti nzuri, mpangilio unaofuata kutokana na hoja hizi si mgumu. Kasoro za wazi za matamshi zitangulie, kwa sababu ni chache, zinahesabika, na huisha. Baada yake mwanafunzi akae na ala isiyo na vituo, fidla au udi, aimbe rasti polepole akimfuata mpigaji, mpaka sikio lake litambue mahali ambapo kinanda hakifiki. Kazi hiyo haina haja ya kumfanya yeye mwenyewe awe mpigaji. Saa zote zinazosalia ni za kipaji: nyimbo zinazoikaa sauti yake, washairi wanaoandika kwa namna anayoielewa, na mtunzi wa mahadhi atakayeizoea pumzi yake. Ukwaruzo wa koo lake usiguswe katika mwaka wa kwanza, hadi ijulikane kama ni ugonjwa au ni sauti.